Macho ya Upande wa Pili wa Kamera

Katikati ya miaka ya 1960, Marie Van Brittan Brown aliishi Jamaica, eneo la Queens jijini New York. Alikuwa muuguzi. Mumewe, Albert, alikuwa fundi wa elektroniki, na kwa kuwa zamu zao za kazi hazikulingana, mara nyingi Marie alibaki nyumbani peke yake usiku. Uhalifu ulikuwa umeongezeka mtaani kwao, na polisi walipoitwa walichelewa kufika. Mlango ukigongwa usiku wa manane, ilimbidi achague: akae kimya, au asogee hadi hatua moja kutoka kwa mtu asiyemjua.

Tarehe 1 Agosti 1966, mke na mume hao waliomba hataza ya mtambo walioubuni wenyewe. Mlango ungetobolewa matundu manne, moja juu ya jingine, ili aliyesimama nje aonekane awe mrefu, mfupi au mtoto. Kamera ingepanda na kushuka nyuma ya matundu hayo. Picha ingesafiri hadi kwenye kioo cha televisheni kilichowekwa chumbani, na Marie angeweza kuzungumza na mgeni kwa kipaza sauti bila kutoka kitandani. Akimtambua, angebonyeza swichi mlango ufunguke. Akimtilia shaka, angebonyeza nyingine ya kuita msaada. Hataza namba 3,482,037 ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969, na siku chache baadaye gazeti la New York Times likaandika habari zake.

Kamera zenyewe hazikuwa ngeni. Mwaka 1942 mhandisi Walter Bruch alizifunga Peenemünde, pwani ya Ujerumani, ili wataalamu watazame roketi za V-2 zikiruka bila kusogelea moto wake. Jipya la akina Brown lilikuwa kuitoa kamera mikononi mwa wataalamu na kuiweka mikononi mwa mwanamke aliyetaka kulala kwa amani. Nawastahi sana kwa jambo hilo, na ndiyo maana naanza na wao. Hofu ya Marie ndiyo hofu ya mwenye duka la dawa anayefunga saa nne usiku, na ya mama anayemwacha mtoto na msichana wa kazi. Haja ya kuona nani yuko mlangoni ni haja ya haki kabisa.

Lakini tazama mchoro wao kwa makini. Picha inaanzia mlangoni na kuishia chumbani. Kati ya hapo na hapo kuna njia fupi, na mwishoni mwake mtazamaji wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Tangu hapo, kila urahisi ulioongezwa kwenye kamera za nyumbani na madukani umeongeza pia macho upande wa pili, mara nyingi bila mwenye nyumba kuambiwa.

Mkanda wa video ulikuwa hatua ya kwanza. Picha iliyokuwa ikipita na kupotea sasa ilibaki, na yeyote aliyeshika mkanda aliweza kuitazama kesho au mwaka ujao. Hata hivyo mkanda ulikuwa kitu cha kushikika: ulifungiwa kabatini, na mwizi wa picha ilimbidi avunje kabati.

Hatua iliyobadilisha mambo kabisa ilitokea mahali pasipo na mwizi wala hofu. Mwaka 1991, watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kupanda ngazi kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaielekeza kamera kwenye birika hilo, wakaandika programu ya kusambaza picha ndani ya mtandao wa maabara. Picha ilikuwa ndogo, nukta 128 kwa 128, isiyo na rangi. Mwezi Novemba 1993 wenzao wawili waliiunganisha na mtandao wa dunia nzima, na watu wa mabara mengine wakaanza kutazama birika la Cambridge likijaa na kukauka. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika lenyewe likauzwa mnadani kwa pauni 3,350.

Hakuna aliyedhurika na birika la kahawa. Wale watafiti hawakuweka kizuizi chochote cha kutazama kwa sababu hapakuwa na cha kuficha. Kisha mwaka 1996 kampuni ya Axis ya mji wa Lund, Sweden, ilitoa Neteye 200, kamera ya kwanza kuuzwa ambayo ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo na anwani yake yenyewe ya mtandao. Ilikuwa ya polepole kiasi kwamba picha ya ukubwa kamili iliitoa moja kwa kila sekunde 17. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Kuanzia hapo kamera ilikuwa kompyuta yenye jicho, na kompyuta iliyo mtandaoni huulizwa swali na yeyote anayeijua anwani yake.

Hapa inafaa tuingie kidogo ndani ya kazi ya fundi. Ruta ya nyumbani kwa kawaida hukataa maombi yanayotoka nje ambayo hakuna aliye ndani aliyeyaomba. Ulinzi huo ni wa bahati zaidi kuliko wa makusudi, ila umewafaa wengi. Mwenye duka anapotaka kuliona duka lake kwenye simu akiwa safarini, kizuizi hicho kinakuwa kero, na kwa miaka mingi mafundi walikiondoa kwa kufungua poti: wanaiagiza ruta kwamba atakayebisha kwa namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye kamera au kwenye DVR, yaani kisanduku kinachorekodi picha za kamera. Ruta nyingi zina pia utaratibu uitwao UPnP, ambao unakiruhusu kifaa cha ndani kujiombea chenyewe poti, na ruta ikakubali bila kumuuliza mtu. Ndivyo maelfu ya kamera zilivyotoka nje ya nyumba pasipo wenyewe kujua kwamba zimetoka.

Nimesikia wafanyabiashara wengi wakisema: nani atanijua mimi, mwenye duka la nafaka Mwanza? Jibu lilipatikana mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipotoa programu iitwayo ZMap. Kwa kompyuta moja na laini nzuri, iliweza kubisha kwenye anwani zote za mfumo wa zamani wa intaneti, karibu bilioni nne, kwa muda usiofika saa moja. Kabla ya hapo, mwaka 2009, John Matherly alikuwa amezindua Shodan, mtambo wa kutafuta unaoorodhesha vifaa vilivyoitika: ruta, printa, mitambo ya viwanda, na kamera. Anayetafuta hahitaji kukujua. Anabisha kila mlango duniani na kuandika ni ipi iliyofunguka.

Januari 2012 jambo hilo liliingia majumbani mwa watu. Kampuni ya TRENDnet ya California ilikuwa ikiuza kamera za SecurView, zilizotangazwa kuwa salama, kwa ajili ya kulinda nyumba na kuangalia watoto wachanga. Kuanzia Aprili 2010 programu yake ilikuwa na kasoro: hata mwenye kamera aliyeweka nywila, picha zake ziliweza kufikiwa na yeyote aliyejua anwani sahihi, bila kuulizwa nywila hiyo. Mtafiti mmoja aliigundua kasoro na kuieleza hadharani. Katika muda mfupi viungo vya karibu kamera 700 vilikuwa vimesambazwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliandika baadaye kilichoonekana: watoto wachanga wamelala vitandani, watoto wakicheza, watu wazima wakiendelea na maisha yao ya kila siku.

Katika kesi hiyo walikuwamo watu waliofanya kila walichoambiwa. Walinunua kamera iliyoandikwa kuwa salama, wakaweka nywila, wakalala. Kosa lilikuwa la kiwanda. Mwezi Septemba 2013 tume hiyo ilitangaza mapatano na kampuni, na kwa mara ya kwanza ilikuwa imeshughulikia kifaa cha kawaida cha nyumbani kilichounganishwa na intaneti. TRENDnet ilitakiwa kuwa na mpango wa usalama na kukaguliwa na mtu wa nje kila baada ya miaka miwili, kwa miaka 20. Kiwanda kilitoa toleo la programu lililoziba kasoro, lakini toleo jipya halijiweki lenyewe kwenye kamera ya zamani. Mwenye kamera ambaye hakusikia habari aliendelea kutazamwa.

Novemba 2014 kosa lilikuwa la aina nyingine. Tovuti moja iliyoendeshwa kutoka Urusi ilikusanya picha za moja kwa moja za makumi ya maelfu ya kamera duniani: maduka, maegesho, vyumba vya kulala, sehemu za mapumziko ya wafanyakazi. Hakukuwa na ufundi mkubwa. Kamera zile zilikuwa zikitumia nywila za kiwandani, zilezile zilizochapishwa kwenye kijitabu cha maelekezo ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma. Christopher Graham, Kamishna wa Habari wa Uingereza, aliwasihi wananchi wabadili nywila zao na akaitaka Urusi iifunge tovuti hiyo. Wafungaji wengi wa kamera walikuwa wameondoka kazini wakiacha neno «admin» kwenye jina na «admin» au «123456» kwenye nywila.

Mpaka hapo hatari ilionekana kuwa ya kutazamwa tu. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, walionyesha kwamba kamera isiyolindwa huweza pia kufanyishwa kazi. Jha alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Mwanzo wa yote ulikuwa biashara ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft: wenye seva za mchezo huo hugombania wachezaji, na aliyeweza kuizima seva ya mshindani alivuna wateja wake. Kuzima seva kunahitaji kuifurikisha kwa maombi mengi kuliko inavyoweza kujibu, na maombi mengi yanahitaji vifaa vingi.

Programu waliyoiandika waliiita Mirai. Ilianza kuenea tarehe 1 Agosti 2016, na utaratibu wake unasikitisha kwa urahisi wake. Ilichagua anwani ya intaneti bila mpango, ikabisha kwenye poti ya 23, mlango wa zamani wa mafundi uitwao Telnet, kisha ikajaribu jozi za jina na nywila kutoka orodha ya jozi zipatazo 60. Ilikuwa orodha ya nywila za viwandani: «root» na «xc3511», «root» na «vizxv», «admin» na «admin», «888888», «666666». Kifaa kikikubali, kinasajiliwa, kinafunga mlango nyuma yake ili mdukuzi mwingine asiingie, na chenyewe kinaanza kubisha kwa wengine. Watafiti waliofuatilia walikuta vifaa karibu 65,000 vimetekwa katika saa 20 za kwanza. Kilele chake kilifika vifaa 600,000, na wingi wake ulikuwa kamera, DVR na ruta.

Mwenye duka hakuona dalili. Kamera yake iliendelea kuonyesha picha, labda na intaneti ikawa nzito kidogo. Akiizima na kuiwasha, Mirai ilifutika kwa sababu iliishi kwenye kumbukumbu ya muda tu, kisha ikarudi baada ya dakika chache kwa kuwa mlango ulikuwa bado wazi. Na kwa baadhi ya mashine zenye vipuri vya kampuni ya Xiongmai ya Hangzhou, China, hata mwangalifu alikwama. Nywila aliyoibadilisha ilikuwa ya ukurasa wa kutazamia picha. Ile ya Telnet ilikuwa imechomekwa ndani ya programu ya kifaa tangu kiwandani, na hapakuwa na sehemu ya kuibadilishia. Mtu huyo alifunga mlango wa mbele huku wa nyuma ukiwa hauna komeo wala mahali pa kuliweka.

Tarehe 20 Septemba 2016 vifaa hivyo vilielekezwa kwa mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, Brian Krebs, na kuizima tovuti yake kwa mafuriko ya gigabiti 620 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi huo, Jha aliiweka programu nzima hadharani ili kila mtu awe nayo na yeye apotee kwenye kundi. Tarehe 21 Oktoba, kwa kutumia programu hiyo, ilishambuliwa kampuni ya Dyn iliyokuwa ikiwaongoza watumiaji kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix, Spotify na gazeti la New York Times havikufikika kwa mamilioni ya Wamarekani. Xiongmai ikatangaza kurudisha kiwandani baadhi ya bidhaa zake zilizouzwa Marekani.

Afrika haikubaki nje ya habari hii. Daniel Kaye, Mwingereza, alikuwa ameajiriwa kwa siri na mkubwa wa kampuni moja ya simu ya Liberia ili aivuruge kampuni shindani, Lonestar MTN. Alitumia jeshi lake la vifaa vya aina ya Mirai. Novemba 2016 mashambulizi yalizidi kiasi kwamba, kwa mujibu wa mamlaka za Uingereza, intaneti ya nchi nzima iliathirika. Muuza vocha wa Monrovia alikosa mtandao kwa sababu watu wa nchi za mbali hawakubadili nywila za kamera zao. Kaye alikamatwa Uingereza mwaka 2017, na Januari 2019 mahakama ya London ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Wale vijana watatu walikiri makosa mbele ya mahakama ya Alaska, maana ofisi ya FBI ya Anchorage ndiyo iliyowafuatilia. Mwaka 2018 hawakupelekwa jela: walipewa miaka mitano ya uangalizi na saa 2,500 za kazi za jamii, baada ya kuwasaidia sana wachunguzi.

Viwanda vilijifunza, ila vilijifunza kwa njia iliyofungua ukurasa mwingine. Badala ya kufungua poti, kamera mpya zilianza kupiga simu zenyewe kutoka ndani kwenda kwenye seva za kampuni. Mteja anaskani alama kwenye boksi, anafungua akaunti, na picha inamfikia simuni bila fundi kugusa ruta. Njia hii kweli ni salama zaidi kuliko poti iliyo wazi. Lakini sasa picha ya sebule inapita au kulala kwenye nyumba ya kampuni, na walinzi wa nyumba hiyo mwenye kamera hawajui.

Mfano unaoeleza zaidi ni kampuni ya kamera ya Ring, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2018. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, msichana wa miaka minane alisikia sauti chumbani kwake. Kamera iliyokuwa imefungwa siku chache kabla ili mama yake aweze kuwaangalia watoto akiwa kazini ilikuwa ikizungumza. Mwanaume asiyejulikana alimwambia yeye ni Santa Claus, rafiki yake mkubwa, akamchochea avuruge chumba. Visa kama hivyo vilitokea majimbo mengine pia. Hakukuwa na haja ya kuvunja seva za kampuni: wahalifu walichukua orodha za barua pepe na nywila zilizovuja kutoka tovuti nyingine kabisa, wakazijaribu moja moja, kwa kuwa watu wengi hutumia nywila ileile kila mahali. Februari 2020 Ring ilifanya uthibitisho wa hatua mbili kuwa lazima, yaani pamoja na nywila mtu aingize namba inayotumwa kwake. Laiti ingefanya hivyo mwaka mmoja kabla.

Mei 2023 ile Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza mengine. Hadi katikati ya mwaka 2017 wafanyakazi wote wa Ring, pamoja na mamia ya watu wa mkataba walioko Ukraine, waliweza kufungua video ya mteja yeyote, iwe kazi yao inawahusu au la. Mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake wasiopungua 81, akichagua kamera ambazo wenyewe walikuwa wamezipa majina ya chumba cha kulala au bafuni. Iliendelea kwa miezi. Mfanyakazi mwenzake wa kike ndiye aliyemripoti, na msimamizi mwanzoni hakuona tatizo. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Kwa maoni yangu, kesi ya Texas inatuhusu zaidi sisi wenye nyumba na maduka, kwa sababu ndani yake hakuna kampuni kubwa iliyodukuliwa wala orodha iliyovuja. Yumo fundi tu. Alikuwa mfungaji wa kamera wa kampuni ya ulinzi ya ADT huko Dallas, na kwa zaidi ya miaka minne alikuwa akimaliza kazi kwa kuongeza barua pepe yake kwenye akaunti ya mteja. Wengine aliwaambia ni ya kujaribia mitambo kwa muda, wengine hakuwaambia kitu. Kisha aliwatazama: akaunti zipatazo 200, mara zaidi ya 9,600, akizikumbuka nyumba alimowaona wanawake waliomvutia. Hakuna mtambo uliomnasa. Mwaka 2020 mteja mmoja alifungua orodha ya watumiaji wa akaunti yake, akaona barua pepe asiyoijua, akapiga simu kuuliza. Fundi alikiri mahakamani Januari 2021 na akahukumiwa miezi 52 jela.

Mteja huyo alifanya jambo la dakika mbili ambalo watu wapatao 200 hawakulifanya. Siwalaumu, maana nani huhesabu watumiaji wa kamera yake? Lakini ningependa kila anayesoma hapa aifungue programu ya kamera yake leo, aingie sehemu ya watumiaji au ya kushirikisha, na asome majina yote.

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Machi, kundi la wadukuzi lilipata nywila ya msimamizi mkuu wa kampuni ya Verkada, iliyokuwa imeachwa wazi mtandaoni, na kwa ufunguo huo mmoja likaweza kufikia kamera karibu 150,000 za wateja: hospitali, magereza, shule, hata kampuni ya Tesla. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya Wyze walionyeshwa picha za nyumba za watu wengine baada ya mitambo yake kuzimika na kuwaka ikiwa imechanganya akaunti. Hapo hapakuwa na mdukuzi hata mmoja.

Sheria ilikuja nyuma ya mambo haya, na swali lake la kwanza lilikuwa la kamera inapotazama. Katika Jamhuri ya Czech, mtu mmoja aliyevunjiwa madirisha mara kadhaa alifunga kamera chini ya paa lake mwaka 2007. Iliona lango lake, njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Iliwanasa washukiwa wawili, lakini mmoja wao alihoji uhalali wa kurekodiwa kwake. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kamera inayofika barabara ya umma si jambo la ndani ya familia peke yake, hivyo sheria ya kulinda taarifa binafsi inaihusu, ingawa nia ya kujilinda nayo ina uzito mbele ya sheria hiyohiyo.

Kwetu Afrika Mashariki msingi upo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31, na ile ya Tanzania katika ibara ya 16. Sheria za Kenya na Uganda za kulinda taarifa za watu ni za mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ya Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hizo hazikuwa picha za kamera za usalama, lakini mwenye duka anayetupa kwenye kundi la WhatsApp video ya mteja aliyemshuku wizi atambue kwamba uso ule una mwenyewe. Mahali pa video hiyo ni polisi.

Nywila za kiwandani nazo zimeanza kupigwa marufuku. California ilianza tarehe 1 Januari 2020 na Uingereza tarehe 29 Aprili 2024: kila kifaa cha mtandaoni kinachouzwa lazima kiwe na nywila yake ya pekee au kimtake mnunuzi aiweke mwenyewe. Ni sheria nzuri. Haifiki kwenye DVR iliyonunuliwa mtumba, wala kwenye kamera iliyofungwa miaka minane iliyopita juu ya kaunta.

Hizo zitalindwa na wenyewe, na mengi yanafanyika bila gharama. Nywila ya kiwandani ibadilishwe kwenye kamera, kwenye DVR na kwenye ruta, isifanane na ya barua pepe. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye programu ya simu. Toleo jipya la programu ya kifaa litafutwe kwenye tovuti ya kiwanda, na kama kiwanda hakitoi tena au hakijulikani ni kipi, kamera hiyo ikatwe intaneti iendelee kurekodi kwenye DVR ya ndani tu. UPnP izimwe kwenye ruta na poti alizofungua fundi zifungwe. DVR isikae wazi chini ya kaunta, kwani anayeibeba anabeba miezi ya maisha ya watu. Chumba cha kulala, bafu na chumba cha kubadilishia nguo visiwekewe kamera kabisa: hakuna nywila inayoweza kuondoa madhara ya picha ambayo haikupaswa kupigwa. Sauti nayo izimwe pasipo haja nayo, maana mazungumzo ya mgonjwa na muuza dawa ni siri kuliko sura yake.

Na siku ya kufunga kamera, mwenye mali akae na fundi mpaka mwisho. Akaunti kuu iandikishwe kwa barua pepe ya mwenye mali, si ya fundi. Nywila aiandike mwenyewe, fundi akiangalia pembeni. Mafundi waaminifu, ambao ndio wengi, hawachukizwi na hilo, na linawalinda wao pia siku shutuma ikizuka. Akihitaji kuingia kwa kazi ya matengenezo, afunguliwe akaunti yake, iliyo na jina lake, na ifutwe siku hiyohiyo kazi inapokwisha.